Kibao Juu ya Kabati

Mwaka 1986, nikiwa na miaka ishirini na moja, mbao za mninga ziliniangukia pale Keko nikiwa nimeinama nachota uji. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Kabla ya hapo nilikuwa maskini kama wenzangu, na umaskini peke yake mie siuiti shida.

Nilikuwa nauza uji wa asubuhi kwa mafundi seremala. Nilisoma mpaka darasa la nne, basi, kwa hiyo haya nayaandika kwa mkono wangu jinsi ninavyosema, na anayetaka maneno mazuri atayapata kwa waliokaa shule. Mume alinipa talaka mimba ikiwa bado haijaonekana vizuri. Nikazaa mtoto wa kike. Siku za mbao zile ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa bila kuegemezwa mto. Nilikuwaga namfunga mgongoni naenda naye kazini, ila asubuhi ile aliamka na mafua, kifua kinakoroma. Nikampitisha kwa dada yangu Temeke. Nikasema nitampitia mchana.

Mpaka leo sijampitia.

Mbao zilikuwa za fundi mmoja, mtu mzima wa Kusini, kazisimamisha ukutani zipate upepo. Hakuna aliyezigusa. Moja iliteleza ikavuta ya pili, na nyingine zote zikafuata. Maumivu sikuyasikia. Nilisikia sufuria inapinduka nikausikitikia uji. Nilipotaka kuinuka niokote sufuria, kuanzia kiunoni kwenda chini hapakuwa pangu tena.

Hospitali nilikaa mpaka majira yakageuka. Daktari alisema ni uti wa mgongo, akasema nishukuru nimebaki na mikono. Dada alikuja kila siku kwa miguu kutoka Temeke, chakula kakifunga kwenye kitambaa, ananilisha, anafua shuka zangu, anarudi. Mtoto hakuja naye kwa sababu wodini walikuwa hawaruhusu watoto. Nilimuuliza habari zake nikaambiwa ameota meno, ameanza kusimama kwa kushika kitanda. Yote hayo niliyapata kwa kusimuliwa.

Niseme mapema ili mtu asinielewe vibaya. Dada yangu hakunipiga wala hakuninyima chakula, na tusi kinywani mwake sikuwahi kulisikia. Angenipiga ningekuwa na la kuwaambia watu. Mama yetu alishafariki, yeye ndiye aliyebaki mkubwa, na aliponichukua kutoka hospitali alinipa chumba cha mwisho, karibu na mlango wa uani, ili choo kisiwe mbali. Alibeba maji kichwani kutoka bombani, akayapasha, akaniogesha kwa sabuni ya mche mpaka nyuma ya masikio. Alinigeuza kila wakati nisitoke vidonda, na sikutoka hata kimoja. Mwanamke mwembamba, ananibeba kama gunia la mkaa, na halalamiki. Mtaa mzima ulimsifu. Hata mie namsifu, mpaka leo.

Ila alikuwa ameolewa muda mrefu na hakujaliwa mtoto. Hilo nalo niliseme mapema.

Siku niliyofika nyumbani niliomba niletewe mwanangu. Mtoto alinitazama, akatazama ukuta, akalia. Nikasema ni mgeni tu, atazoea, nikafungua kifua nimpe ziwa. Lilikuwa limelegea, ila nilipokamua lilitoka tone. Dada akamnyanyua mtoto kabla hajakamata.

"Hayo maziwa yamelala," akasema. "Yatamharisha."

"Yatoke yaliyolala, mapya yatakuja."

"Yaje yamkute kaburini? Tulia wewe, umechoka."

Kesho yake alikuja na kikopo cha shubiri. Alinipaka matiti yote mawili, taratibu, kwa kidole, kama mtu anayepaka dawa, halafu akamleta mtoto, akamweka kifuani kwangu mwenyewe. Mtoto alionja akakunja uso akarusha kichwa nyuma. "Umeona," dada akamwambia mtoto, "chungu." Mikono yangu ilikuwa mizima kabisa. Lakini mtu anayekusafisha uchafu wako asubuhi, mchana humsukumi mkono.

Ndivyo ilivyokuwa katika kila jambo. Chai ya jioni ilikatwa, kwa sababu nikinywa chai nitahitaji choo, na nikihitaji choo atalazimika kunibeba gizani. Haikuwa adhabu. Alinieleza vizuri tu, na maelezo yake yalikuwa na maana. Dirisha la chumba changu alilifunga kwa sababu ya mbu. Nywele zangu alizikata zote kwa sababu ya chawa ambao sikuwa nao. Akishamaliza ananiuliza, "Si unajisikia vizuri sasa?" Nami nasema, "Najisikia vizuri, dada."

Ijumaa baada ya swala watu walipita kunipa pole. Dada alinivalisha kanga safi, akaniketisha barazani kwenye mkeka, mgongo ukutani. Waliokuja na mchele au sukari walimkabidhi yeye. Mie nilipewa pole.

"Mgonjwa anaendeleaje?" wanamuuliza dada, na mie nipo pale pale, naona mpaka kucha zao za miguu.

"Hajambo, leo amekula."

Siku moja nikajibu mwenyewe. "Mgonjwa amekula, na masikio anayo."

Mwanamke mmoja alicheka mpaka akashika ubavu. Dada hakucheka. Ijumaa iliyofuata niliambiwa nje kuna vumbi, nikaachwa ndani.

Sasa nije kwenye jina. Kwetu dada wa mama akiwa mkubwa kwa mama ni mama mkubwa, akiwa mdogo ni mama mdogo. Mtoto akimwita mama yake mkubwa "mama" tu, hakuna anayeshangaa, ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo mwanangu alipoanza kusema "mama" huku akimtazama dada, sikuwa na pa kushika. Nilisubiri zamu yangu. Nilijua mtoto lazima ataambiwa na huyu wa chumba cha mwisho ni nani. Siku moja dada alimleta kavaa gauni jipya la mtumba, maana nyakati za ruksa ya kuleta bidhaa za nje zilikuwa zimeingia na nguo zimejaa kila kona, akamsukuma begani kidogo, akamwambia, "Msalimie mama mdogo."

"Shikamoo mama mdogo," mwanangu akasema.

Ukishamwita mmoja mama na mwenziwe mama mdogo, umeshasema nani amezaa. Nilimtazama dada. Dada alikuwa anakunja shuka.

Mtoto alipotoka nikamuuliza. "Dada, mbona mama mdogo?"

"Mtoto atachanganyikiwa na mama wawili. Akikua tutamwambia. Sasa hivi wewe pumzika."

"Nimepumzika tangu Keko."

"Unaona unavyopandisha? Daktari alisema usipandishe hasira."

"Daktari hakusema hivyo. Nilikuwepo."

Akazima taa ya chemli akaondoka nayo. Jua lilikuwa halijazama vizuri.

Tangu siku hiyo nikawa na neno moja tu moyoni: mwanangu ajue mimi ni nani, na alijue kutoka kwangu. Kwa hilo nilihitaji kumfikia. Kuletewa kwa dakika chache akiwa ameoshwa na ameshikwa mkono, mtu mwingine amesimama mlangoni, huko si kumfikia. Alikuwa anacheza bombani na wenzake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kelele zake nilikuwa nazisikia na kuzitofautisha na za wenziwe. Nyumba tatu, na mie sina namna ya kuzivuka.

Yule fundi wa mbao alikuwaga anakuja mara moja moja na kilo za mchele, anamkabidhi dada, anaondoka bila kunitazama usoni. Siku moja alikuja wakati dada kaenda Tandika sokoni. Alisita mlangoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Dada yupo?"

"Dada hayupo. Leo unaye mgonjwa mwenyewe."

"Nilileta mchele."

"Mchele tunao. Fundi, nichongee gari."

"Gari?"

"Kibao na beringi nne chini yake, kama vigari wanavyobebea watoto ndoo za maji. Na vibao viwili vidogo vya mkononi, vya kusukumia ardhi."

Akafikiri. "Dada yako atasema nini?"

"Kwani dada ndiye atakayelipanda?"

Kwa mara ya kwanza akanitazama, akatabasamu kidogo, akajipangusa unga wa mbao kwenye nyusi. Alinipima kwa macho tu, upana wa nyonga na urefu wa mapaja. Alilileta wiki nyingine, mbao ya mkongo, imepigwa msasa mpaka inateleza, pembe zote kazizungusha. Nilijishusha kitandani kwa mikono, nikakaa juu yake, nikasukuma. Nilitoka chumbani, nikapita ukumbi mzima wa nyumba ile, beringi zinalia kwenye sakafu ya saruji, nikafika mlango wa mbele. Nilifika mwenyewe. Fundi alikuwa ananifuata nyuma akiwa kafungua mikono kama mtu anayefukuza kuku.

Dada aliporudi alinikuta mlangoni. Aliweka kikapu chini.

"Nani kakuleta hapa?"

"Nimekuja."

Alitazama kibao, akatazama barabarani kulia na kushoto. Niliona uso wake na nikajua haigizi, aliogopa kweli. Mjini wakati ule aliyeonekana kwenye kibao cha namna ile alikuwa ombaomba, basi.

"Watu watasema nimekutoa ukaombe," akasema. "Mimi, ninavyokuhangaikia. Unataka kunivua nguo mbele ya watu?"

"Ijumaa ulivyokuwa unaniketisha barazani, ilikuwa nini?"

"Ile wanaleta wenyewe. Ni sadaka, wanaleta nyumbani kwa heshima. Sijawahi kumwendea mtu mimi."

Alinibeba akanirudisha kitandani. Aliniweka vizuri, mto kiunoni, shuka miguuni. Halafu alivuta stuli, akapanda, akaweka kibao juu ya kabati la nguo, chumbani kwangu mle mle. Hakukificha wala kukivunja. Alikiweka mahali ambapo nikifungua macho asubuhi nakiona, beringi zimenielekea.

"Ukipata nafuu," akasema.

Nikilala nakiona, nikigeuzwa nakiona. Ulipita mwaka na zaidi. Mwanangu alikuwa anaingia mara nyingine kuchukua kitu, anapanda stuli kukichezea, anazungusha beringi kwa kidole zinalia. Siku moja nilimwambia, "Mwanangu, kishushe." Akasema, "Mama kakataza," akashuka, akakimbia.

Aliyekishusha alikuwa shemeji, mume wa dada. Alikuwa anafanya kazi kiwanda cha nguo, kikaanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Alikuwa mtu wa kimya, hatukuwa na mazoea. Akawa anashinda nyumbani, anakaa ukumbini kavaa singlendi na msuli, dada anapanga ale saa ngapi, atoke saa ngapi, avae nini akitoka. Siku moja dada akiwa sokoni alikuja akasimama mlangoni kwangu.

"Shemeji," akasema, "nimekaa ndani mwezi mmoja tu, nimeshajua nyufa zote za ukuta. Wewe una miaka mingapi humu?"

Alinyoosha mkono, hakuhitaji hata stuli, akakishusha.

Nilijifunga kanga mbili, nikasukuma. Njia ya kwenda bombani ilikuwa na mchanga, beringi zinazama, nilijivuta zaidi ya nilivyosukuma. Nilifika jasho linanitoka mpaka kwenye macho. Watoto waliacha kucheza. Mwanangu alikuwa kashika ndoo ndogo nyekundu. Alikuwa kashaanza darasa la kwanza, sare yake ina kiraka begani ambacho kama ningekishona mimi kisingeonekana.

"Nyie, tazameni," mtoto mmoja wa kiume akasema, "mtu ana magurudumu."

"Ni mama mdogo wake yule," mwingine akasema, akamnyooshea mwanangu kidole. "Mama mdogo wako ana beringi."

Wakacheka. Sina hasira nao, watoto wanacheka kila kitu. Nilikuwa nimepanga la kusema. Nilitaka kumwambia njoo, kaa hapa kwenye kibao, nikusukume. Baadaye, akishanizoea, ndiyo nimwambie lile lingine. Nikafungua mdomo.

Mwanangu akasema, "Siyo wangu. Huyo ni mgonjwa wa mama."

Halafu akakinga maji, akajitwika, akaenda.

Nilirudi. Sikumbuki nilivyorudi.

Jioni nilimwambia dada kwamba nahama. Mjane mmoja Mbagala, aliyekuwa anatuletea kashata za kuuza, alikuwa na chumba kisicho na ngazi mlangoni, alishaniambia nikae nimsaidie kupika. Dada alikaa ukingoni mwa kitanda changu. Alikuwa amechoka, miguu imevimba.

"Utahama. Nani atakuogesha?"

"Nitajiogesha."

"Choo?"

"Nitajua huko huko. Na nakwenda na mwanangu."

Akamwita balozi wa nyumba kumi ili asionekane ameamua peke yake. Balozi alikuja na radio yake mkononi, akasikiliza, akaniuliza, na hili nilijibu vibaya kwa sababu sikulitarajia: "Wewe mwenyewe wa kulelewa, utamlea nani?"

"Nilimzaa," nikasema.

"Kuzaa umezaa. Nimeuliza kulea."

Dada akasema, kwa upole kabisa, "Tumuulize mtoto mwenyewe." Akamwita. "Unataka kwenda Mbagala na mama mdogo, au unabaki na mama?"

Umuulize hivyo mtoto wa miaka saba, na aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyemlaza tangu hajaota meno kasimama hapo hapo anamtazama. Mwanangu alipita nyuma ya dada akashika kanga yake. Balozi akakohoa.

"Umeona," dada akaniambia. Alikuwa analia. Naapa alikuwa analia kweli.

Nilihama peke yangu, na kibao changu.

Ya Mbagala sitayarefusha, maana ya kuhangaika kila mtu anayo. Kujiogesha nilijifunza. Choo nilijifunza, kwa aibu zake. Nilikunywa chai jioni, vikombe viwili nikitaka. Nilikaanga karanga, nikapika kashata, nikakusanya mpaka nikanunua cherehani cha mkono, kile cha kuzungusha, maana cha kukanyaga mie kingenisaidia nini. Nguo za mitumba zilikuwa nyingi kuliko watu, na zote zimekatwa kwa miili ya watu wa huko zilikotoka. Nikawa napunguza. Vijana walikuja, "Mama Beringi, nipunguzie kiuno."

"Chako au cha suruali?"

Nilijulikana. Mpaka watu wa Kongowe walikuja kwangu. Hakuna aliyeniuliza kama nimekula.

Mwanangu aliletwa Idi mbili hivi, kashikwa mkono. Nilimpa kashata, akasema ahsante mama mdogo, akakaa kwenye ukingo wa mkeka kama mtu anayesubiri gari. Nilisema atakua. Dada mwenyewe alishasema, akikua tutamwambia. Nililishika neno lile.

Mwaka 1998 mteja mmoja wa Temeke aliniletea gauni nibane mikono, haraka, analitaka Jumamosi. Nikamuuliza shughuli gani. "Si kwenu," akasema, "wanatoa mwali. Hujui?" Kisha akaona uso wangu, akaniwekea gauni mapajani akaondoka.

Asiyezijua mila zetu nimweleze kwa kifupi. Binti akivunja ungo anawekwa ndani, anafundwa na kungwi, halafu siku ya kutoka inapigwa ngoma. Mwali anabebwa mabegani, kavikwa shanga, na wanawake wanamtunza mama yake. Siku hiyo mama mwali anakaa mbele, kanga zinatupwa mabegani mwake, anashangiliwa kwa kuwa amezaa na amekuza. Ni siku ambayo mtaa mzima unajua nani ni mama wa nani.

Nilimshonea gauni la bluu, lina marinda kiunoni. Vipimo vyake sikuwa navyo, nilikisia kwa kuwatazama wasichana wa umri wake wanaopita njiani. Muuza mkaa alinipa nafasi kwenye pikapu yake, nikakaa juu ya magunia, kanga mpya, kibao mapajani, gauni nimelifunga kwenye mfuko. Nilifika ngoma imeshapamba moto. Dada alikuwa kakaa kwenye kiti mbele ya nyumba, kavaa doti jipya, poda shingoni, mabegani kanga zimelundikana. Amenenepa. Amependeza, siwezi kusema uongo.

Nilisukuma kibao kati ya miguu ya watu. Nilitaka nifike mbele yake, nikae pale chini pembeni ya kiti. Sikutaka ugomvi. Nilitaka mwanangu akipita mabegani mwa watu atukute wawili, na watu waone wawili.

Dada aliniona. Akasimama, akafungua mikono, akapaza sauti ya furaha.

"Mdogo wangu kaja! Jamani, mgonjwa yuko juani, mmemwachaje? Mnyanyueni, mpelekeni ndani penye kivuli."

Wanawake wanne walinikamata kabla sijasema. Walikuwa wananionea huruma, wanasema pole, pole dada, wanapangusa mkaa kwenye kanga yangu. Nilisema niacheni nakaa hapa hapa. Mmoja akasema, "Utakanyagwa, mpenzi." Walinibeba mpaka chumba cha mwisho, kile kile, wakanilaza kitandani, wakaniwekea mto kiunoni. Waliniletea sahani ya pilau yenye nyama kubwa na soda baridi. Mmoja alitazama kibao.

"Hiki kisije kikaibiwa," akasema. Akakiweka juu ya kabati.

Wakatoka kwenda kucheza.

Nilisikia ngoma inazunguka nyumba, vigelegele vinapanda. Nilisikia mtu anatangaza, mama mwali, mama mwali, na wenzake wanaitikia. Nikajitupa chini. Sakafu ile naijua, nilijikokota kwa viwiko, ukumbi wote ule, mpaka mlango wa mbele, na pilau imenimwagikia kifuani kwa sababu niliipiga sahani wakati naanguka. Nilifika kizingitini, nikainua kichwa.

Alikuwa anapita. Mwanangu, kakaa mabegani mwa mwanamke mmoja mwenye nguvu, shanga mpaka kiunoni, noti zimebandikwa kwenye paji la uso linalong'aa mafuta. Amechukua shingo yangu. Alipita karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningeshika unyayo wake. Lakini mwali haruhusiwi kuinua macho. Ndivyo anavyofundwa: atazame chini, asimtazame mtu, wala asicheke. Akainamisha macho kama alivyofundishwa, nami nilikuwa chini, na bado hakuniona, kwa sababu macho yenyewe yalikuwa yamefumbwa.

Sijui kama angeyafumbua angefanya nini. Hilo ndilo ninalolala nalo.

Gauni nilirudi nalo.

Nani alimwambia ukweli, sijui. Alipoolewa alikuwa anaujua, maana alikuja Mbagala na mumewe, akanishika mikono. Kisha akasema, "Mama mdogo, nisamehe." Nikamwambia hana kosa, wala hana. Ila jina lilishakauka mdomoni. Ukimwita mtu hivyo tangu unajifunza kuongea, haligeuki kwa kujua.

Dada sasa haoni. Sukari ilimla macho. Anakaa kwa mwanangu, na mwanangu anamlea kama alivyolelewa, safi, nguo zimenyooka, chakula kwa wakati. Nilikwenda kumtazama. Nilimkuta kaketishwa kitandani, mto kiunoni, mikono mapajani, kageukia ukuta.

"Fimbo yake iko wapi?" nikauliza.

Mwanangu akaniashiria kwa kichwa. Ilikuwa juu ya kabati.

"Anainuka mwenyewe," akasema kwa sauti ndogo. "Ataanguka, mama mdogo. Watu watasema simwangalii."

Mie nilipo kwenye kiti changu cha magurudumu sifiki juu ya kabati. Sijawahi kufika. "Ishushe," nikamwambia.

"Ataanguka."

"Aanguke. Ishushe umpe mkononi."

Alisita, kisha akavuta stuli, akaishusha. Dada aliipapasa kutoka kwenye mpini mpaka kwenye raba ya chini. Hakuinuka. Aliiweka mapajani, akaishika kwa mikono miwili, akageuza uso upande niliko.

"Ni wewe?" akasema.

"Ni mie."

Nilikaa naye mpaka chai ya jioni ilipoletwa, nikaona amemiminiwa nusu kikombe, nikamwongezea kutoka changu.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya vyumba vinne Mbagala, hati kwa jina langu, haina ngazi hata moja. Wapangaji watatu. Vyerehani viwili vya mkono na kimoja cha umeme. Kiti cha magurudumu, nilinunua mwenyewe. Kibao cha mkongo, beringi zimeota kutu, kipo sakafuni nyuma ya mlango. Gauni la bluu lenye marinda, halijavaliwa. Dada mmoja. Binti mmoja, ananiita mama mdogo. Wajukuu wawili, wa kike na wa kiume. Hao wananiita bibi, na dada wanamwita bibi.